Paja la Mjomba

Kijana yeyote wa Kitamil aliyekaribishwa kahawa kwa jirani yetu hapa Toongabbie, Sydney, alijua kuwa swali litakuja, ila hakujua litakuja saa ngapi. Bibi yule angeanza na habari za masomo, angelisifu shati, angemrundikia vitafunio vya dengu kwenye sahani, halafu, huku akiimimina kahawa kutoka kikombe kimoja cha chuma kwenda kingine ili ipoe, angeuliza kwa sauti ya kubembeleza, "Na hekalu la ukoo wenu liko kijiji gani?" Kijana akikitaja kijiji, bibi hunyamaza kidogo. Nilishuhudia hayo mara nyingi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kuingia na kutoka kwake. Katika ukimya ule mfupi alikuwa ameshampanga yule kijana mahali pake, na akishampanga mtu hampangui.

Mume wangu, ambaye ni mtu wa Pangani na hana dogo, ndiye aliyempachika jina la Kungwi. Jina halikumkaa sawasawa. Hakuwa anafunda wari, wala hakuwa na zile nyimbo za kutufanya tujifunike uso kwa kanga. Kazi yake ilikuwa kufungisha. Watu wake ni wakulima, jamii kubwa ya wenye mashamba na visima upande wa magharibi wa nchi ya Watamil, na kwao arusi haisimami mpaka awepo mtu mzima wa jamii yao wenyewe, aliyeoa au kuolewa, mwenye watoto, aliyekwisha kutawazwa kwa kazi hiyo. Yeye ndiye anayegusa paji la uso la bibi arusi, ndiye anayemwagia nafaka, ndiye anayeukabidhi ule uzi uliopakwa manjano ambao bwana arusi humfunga bibi arusi shingoni. Kinyozi naye ana sehemu yake: hughani utenzi mrefu wa baraka. Sydney hakukuwa na kinyozi wa jamii inayotakiwa, kwa hiyo utenzi ulipigwa kutoka kwenye simu. Simu aliikubali. Kinyozi wa jamii nyingine hakumkubali, hata alipojitolea bure.

Kazi hiyo ilikuwa na sharti moja, akaniambia siku moja tukikata bamia barazani kwake. Mume wake lazima awe hai. Siku mzee atakapofumba macho, yeye hatamgusa tena bibi arusi yeyote, atakaa nyuma kabisa na wajane wenzake. Alilisema hilo kama mtu anayezungumzia leseni ya udereva. Ndani, mzee wake alikuwa amekaa mbele ya televisheni akitazama kriketi, mrija wa oksijeni puani, na ile mashine ikivuta na kutoa pumzi chumba kizima. Dawa zake nilikuwa nazileta mimi, kwa sababu nafanya kazi duka la dawa karibu na stesheni. Ndiyo maana Kungwi hakuniita jina langu hata mara moja. Aliniita "Famasi".

Siku ya kwanza tulipozungumza, kwa Kiingereza cha kuungaunga, juu ya ukuta wa mabati unaotenganisha nyua zetu, aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Tanzania. Nikamuuliza na yeye, nikitarajia aseme India. Akanyoosha shingo, akasema kwa fahari, "Kongu."

Roho yangu ikaruka kwa furaha. Mhindi wa Kongo, hapa hapa nyuma ya choo changu! Siku hiyohiyo nikampigia Mama Esperance, rafiki yangu Mkongomani anayekaa Minto na kufanya kazi ghala la mizigo. Jumamosi akaja amevaa kitenge cha kutokea, na bakuli la sombe, yaani kisamvu, mkononi, akasimama mlangoni kwa Kungwi akimwaga maneno.

"Bonjour mama! Banasema uko mutu ya kwetu. Uko wa Bukavu ao wa Uvira?"

Kungwi alimtazama, akanitazama mimi. Ilichukua muda kuelewana kwamba Kongu yake ni jina la nchi ya wazee wake huko Utamilini, mahali pakavu penye upepo, wala haihusiani kabisa na Kongo ya Mama Esperance. Tulicheka mpaka tukashika nguzo za baraza. Kisha, machozi ya kicheko hayajakauka, Kungwi akaniambia nimuulize mgeni ni wa ukoo gani. Mama Esperance akajibu bila kusita kuwa yeye ni Mubembe, na akaanza kuutaja ukoo wa baba yake. Kungwi akawa anatikisa kichwa kwa heshima kama anayewafahamu wote. Alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Kesho yake niliiona ile sombe chini ya mti wake wa majani ya mchuzi, imefukiwa na udongo kidogo tu. Mama Esperance aliniuliza kama mama yule aliipenda. Nikasema aliipenda sana.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Angekupa figo yake, lakini hangekula chakula chako. Mwanangu alipolazwa na homa ya mapafu, Kungwi alipika supu ya pilipili manga kila siku akaileta hospitali kwa treni, na viatu vyake vya kandambili kwenye baridi ile. Kwangu alikuwa anakubali ndizi na chungwa, vitu vyenye ganda. Nilikasirika mwanzoni, tena sana. Siku moja nikaamua kumwuliza waziwazi, katika mpango wake wa watu, mimi naangukia wapi?

"Wewe uko nje kabisa, Famasi," akasema, akanipigapiga goti. "Ndiyo maana naweza kukwambia kila kitu."

Na kweli aliniambia. Kilichotuunganisha kilikuwa malalamiko. Wanangu, na mjukuu wake mmoja wa kike aliyelelewa nyumba ile, walikuwa wanamwita kila mwanamume "uncle". Dereva wa basi uncle, mchungaji uncle, fundi bomba uncle. Kungwi alikuwa akilisikia neno hilo anafumba macho. Akaanza kunieleza kwamba kwao ndugu wa baba aliye mkubwa ni baba mkubwa, aliye mdogo ni baba mdogo, na dada za mama ni mama wakubwa na mama wadogo. Nikadakia, nikamwambia hata sisi! Maneno yenyewe, baba na mkubwa, mama na mdogo! Akaweka kisu chini. Na kaka wa mama je, akaniuliza, je, naye mnamwita baba? Nikasema hapana, mjomba hawezi kuwa baba, mjomba ni mjomba. Akanishika mikono yote miwili na macho yake yakalengwa na machozi. Kwao baba anaitwa appa, na mjomba anaitwa maama.

Kutoka hapo alinijengea ulimwengu wake wote juu ya ule ukuta wa mabati. Watoto wa baba mdogo ni kaka na dada zako, na haijalishi kama baba mdogo huyo humjui, kwa sababu ukoo mzima ni akina baba wakubwa na akina baba wadogo, vijiji na vijiji, hata walio ng'ambo. Binti yeyote wa ukoo wako ni dada yako. Upande wa pili wako wajomba na mashangazi, yaani koo mnazooana nazo. Watu wake wote wamegawanywa hivyo, ndugu huku, wakwe kule, na swali lake la hekalu lilikuwa la kujua tu uko upande gani, maana kila ukoo una hekalu lake moja na kijiji chake kimoja. Mtoto akizaliwa hupelekwa kwenye hekalu la baba yake, akanyolewa nywele za kwanza na kutobolewa masikio. Na hapo lazima apakatwe na mjomba wake. Baba hawezi kumpakata, wala babu. Kama mama hana kaka wa tumbo moja, hutafutwa mwanamume wa ukoo wa mama, maana huyo naye ni kaka yake.

"Asipopatikana?" nikauliza.

"Mtoto asiye na paja la mjomba ametoka wapi?" akasema. "Hapatikani mtoto wa hivyo."

Nisimpambe kupita kiasi, maana upande wake wa pili niliuona pia. Kuna kijana mhandisi alikuja pale akiwa na maua, anatoka wilaya ile ile ya Kongu, mpole, anampenda yule mjukuu na haoni haya. Swali likaja. Kijana akataja kitongoji cha pembeni ya kijiji, siyo kijiji chenyewe, na uso wa Kungwi haukubadilika hata kidogo. Akamwongezea kahawa, akamsindikiza mpaka getini. Alipogeuka akamwambia mjukuu asijibu tena ujumbe wa mtu yule. Nilikuwepo, sikuweza kunyamaza. Akaniambia babu za kijana walikuwa vibarua katika mashamba ya wakwe zake, walikuwa hawaruhusiwi hata kuvuka ua. Nikamwambia leo huyo kijana anajenga reli ya Sydney.

"Ajenge," akasema.

Mjukuu alilia siku chache, halafu akaacha. Aliogopa. Alisema kwangu, kwa Kiingereza chake cha hapa, "It's not like she yells, Aunty. She just goes quiet." Nami nilimwelewa, kwa sababu nilishaanza kuuogopa ule ukimya.

Lakini bado sijasema habari ya bundi.

Mswahili hana haja ya kuelezwa bundi ni nini. Mume wangu alipomwona ametua kwenye mti wetu wa mkaratusi mchana kweupe, kichwa juu, rangi yake na ya gome moja, alitoka na vipande vya matofali huku akisoma anayoyajua. Kipande cha kwanza kilipogonga tawi, Kungwi alitoka kwake mbio, mikono imejaa unga, akapita kwenye geti letu bila hodi na kusimama chini ya mti.

"Nipige mimi!" akapiga kelele. "Nipige mimi kwanza!"

Mume wangu akabaki na tofali lake hewani. Mwanangu akatoka na simu mkononi. "Dad, that's not even an owl. It's a tawny frogmouth." Wazungu wa hapa wanasema hivyo, kwamba ndege yule anafanana na bundi tu ila si bundi. Kungwi hakuyajali hayo. Alisema ana macho ya bundi na anakaa kama bundi, na hiyo inatosha.

Baadaye alinieleza kwa sauti ya chini. Ukoo wa mumewe ni ukoo wa Bundi. Hawamdhuru, hawamfukuzi, wakimwona hujigusa mashavu kwa vidole vya mikono iliyopishana, kama mtu anayeomba radhi kwa Mungu. Yeye mwenyewe alizaliwa ukoo mwingine, na alipoolewa alikuwa anamwogopa bundi kuliko mume wangu. Mama mkwe alimfundisha. Mwanawe, baba wa yule mjukuu, mhasibu wa Parramatta, alikuwa amempiga marufuku kuwafundisha watoto mambo ya kijijini, kwa hiyo mjukuu alijua tu kwamba bibi yake anampenda yule ndege. Ndege akazoea kuwa pale. Mume wangu akazoea kuingia ndani akimwona.

Na alipokuwa akinieleza hayo ndipo kilipomtoka kisa cha kisima. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yake. Wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa msichana wa kucheka ovyo, na walikuwa wanalala chumba kimoja mume akisafiri. Kungwi, bi arusi mgeni, akamwona wifi yake kwenye kibanda cha pampu katikati ya miwa, na kijana wa kijiji cha pili. Kijana wa ukoo wa Bundi. Akamwambia mama mkwe. Alidhani anafanya vema, alitaka apendwe katika nyumba ile.

"Halafu?"

"Wakaanguka kisimani," akasema.

Yeye akaendelea kuchambua dengu. Visima vya kwao ni vipana, vimechongwa kwenye mwamba, vina ngazi, na hakuna mtu wa kijiji anayeanguka humo mchana. Wawili pamoja je? Nikamwuliza waliangukaje. Akasema kisima kile kilifunikwa kwa zege na watu wa nyumba ile wakachimba kingine. Nilirudi kwangu nikajifungia bafuni. Sikumweleza mume wangu, angehama.

Ilikuwa mwaka ambao mzee alianza kushindwa kutoka kitandani ndipo mjukuu alipoleta mchumba. Familia ya kijana ilitoka Malesia. Babu wa babu yake alichukuliwa kwenda kwenye mashamba ya mpira enzi za Waingereza. Jina la jamii walilihifadhi vizuri, tena walilionea fahari, na wazee walioulizwa kwa simu walithibitisha kuwa ni wenzao. Swali lilipokuja, baba wa kijana akainua mikono. Hekalu la ukoo? Kijiji? Hawajui. Yalisahaulika kwenye mpira huko.

Nilimtazama Kungwi. Kwa miaka yote ile hakuna aliyepita pale bila jibu. Safari hii alinyamaza, mashine ya oksijeni ikasikika kutoka chumba cha pili, halafu akasema kusahau si dhambi. Alitaka kumfungisha mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe, na mikono ile ilikuwa inategemea pumzi za mtu mwingine. Nilimwelewa, hata nikafurahi. Nilifikiri bibi amelainika.

Jumapili ya kutambulishana tulialikwa na sisi. Meza iliwekwa nje, mwana wa Kungwi alikuwa kule pembeni akigeuza nyama kwenye barbikyuu, na Kungwi alikuwa anazunguka na sufuria ya wali. Bwana arusi mtarajiwa, kijana mchangamfu mwenye meno mazuri, akainua macho kwenye mkaratusi wetu. Akaweka sahani chini. Akapishanisha mikono, akajigusa mashavu, mara mbili tatu, haraka haraka, kama mtu aliyezoea tangu utotoni.

"Sorry," akasema kwa aibu tulipomkodolea macho. "My grandma in Ipoh. She'd kill us if we didn't. She said that one's ours, don't ask me why."

Mjukuu, ambaye humwita bibi yake Paati, akapiga ukelele wa furaha. "Paati does that! Paati, did you see? Oh my God, we match!" Akamkumbatia mchumba wake shingoni, na watu wazima wote wakacheka.

Mwiko wa Kungwi ulikuwa umepinduka. Wali ulikuwa unamwagika mezani polepole, na yeye anautazama tu. Nikauchukua mwiko mkononi mwake.

Tulibaki wawili jikoni.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, Bibi."

"Ni kaka yake."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwa hasira kwamba watu hawa hawakuwahi kuonana hata siku moja, kwamba kati yao kuna bahari na vizazi na vizazi, kwamba hata daktari hawezi kuona undugu hapo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuwa wifi yake na yule kijana wa kisimani nao undugu wao ulikuwa hauonekani, na wao wenyewe walikuwa wanasema hivyohivyo.

"Utamwambia mwanao?"

Maji yalikuwa yanamiminika kwenye sinki. Nje mjukuu anacheka. Nilimwogopa bibi yule wakati ule, sifichi. Mwanawe alikuwa mhasibu mwenye tai, mtu wa kodi na riba, lakini niliwahi kumsikia akizungumza kwa simu na kaka zake wa Kongu, na sauti yake kwenye simu ile haikuwa ya Parramatta.

"Mara ile nilisema," Kungwi akajibu. "Mara hii nitanyamaza. Tuone lipi ni baya zaidi."

Arusi ilifanyika katika ukumbi wa kukodi, mapema asubuhi kama ilivyo desturi yao. Mzee aliletwa kwa kiti cha magurudumu na mtungi wake. Kungwi alivaa sari nyekundu, akasimama wima. Alipomgusa bibi arusi kwenye paji la uso, bangili zake zikawa zinagongana mfululizo kwa jinsi mkono ulivyokuwa unatetemeka, na akina mama wakanong'onezana kuwa ni furaha ya uzee. Utenzi wa kinyozi ulikuwa unatoka kwenye simu ya mtu. Katikati ya baraka ukakatika, tangazo la bima ya nyumba likaingia kwa sauti kubwa, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kungwi peke yake hakucheka. Alisimama na nafaka mkononi akisubiri tangazo liishe, akinitazama mimi moja kwa moja juu ya vichwa vya watu.

Mzee alifariki kabla picha za arusi hazijatoka.

Toka siku hiyo hakufungisha tena. Alikaa nyuma na wajane, kama alivyosema. Hilo halikumuumiza kama nilivyodhani. Kilichomla ni kuhesabu. Ukuta wetu ulipoangushwa na upepo, aliniangalia. Mwanawe alipopunguzwa kazini, aliniangalia. Mjukuu alipoharibikiwa mimba ya kwanza, alikuja kwangu, akakaa kwenye ngazi. Nilimweleza, kwa yote ninayoyajua ya kazini, kwamba mimba za kwanza huharibika kwa watu wengi mno. Nikamuuliza kama sasa haoni kwamba yamekwisha.

Kiswahili alichojifunza kwangu kwa miaka yote ile kilikuwa neno moja. Alilipenda kwa sababu alisema Kiingereza hakina, na kwao lipo. Ukimwuliza wali umeiva, mzee ameamka, mtu wa posta amepita, alijibu kwa neno hilo akitabasamu.

"Bado," akasema.

Hakutabasamu.

Mara ya mwisho kukaa naye ni mwezi uliopita. Mjukuu na mumewe wamenunua nyumba Minto, kwenye mitaa mipya ambako miti bado imefungiwa vijiti. Wamepata mtoto wa kiume, mnene, mwenye kucheka, ameanza kusimama kwa kushika makochi. Nilimwendesha Kungwi kwa gari langu. Amekonda, na wanawe wanasema kichwa kimeanza kumpotea: anaita watu majina ya marehemu, anaweka chumvi mara mbili. Njia nzima alipakata mfuko wa vitafunio.

Walitupokea kwa shangwe. Bwana arusi yule wa zamani, sasa baba mtu, alikuwa na habari. Babake alikuwa amehangaika kutafuta, kwa ajili ya mtoto. Aliuliza kwa jamaa wa mbali wa Malesia, na yule akauliza kwa mwingine, mpaka wakakipata kijiji chao cha asili na hekalu la ukoo wao. Wote watakwenda, pande mbili, baada ya Krismasi. Mtoto atanyolewa kwa mababu zake.

"And guess what, Aunty," mjukuu akaniambia, macho yanang'aa. "It's super close to Dad's village. Like, the same bus! Dad doesn't know yet, we're saving it for a surprise."

Nikamtazama Kungwi. Alikuwa amemketisha kitukuu chake kwenye zulia, anampa vipande vya vitafunio.

"Tatizo ni moja tu," mumewe akasema. "Kuna kitu cha mjomba. Mtoto lazima akae mapajani kwa mjomba, na mke wangu ni mtoto wa pekee."

"Oh, whatever," mjukuu akacheka. "Any uncle will do. We'll find someone there."

Kungwi akamgeuza mtoto kwa mabega, taratibu, mpaka akamwelekea baba yake. Akanyoosha kidole.

"Maama," akasema.

Mtoto akamtazama.

"Maama," akarudia, kwa upole, kama mwalimu wa chekechea. "Nenda. Maama."

"Ma-ma," mtoto akasema, akajisukuma, akatambaa mpaka kwa baba yake na kumpandia mapajani. Baba akamnyanyua, akambusu tumboni. Wote wawili walikuwa wanacheka, na mjukuu akaja kunishika mkono, sauti ameishusha kwa huruma. "She's losing her words, poor thing. No, Paati. Appa! That's his Appa."

Nilicheka nao. Nilikuwa na neno mjomba mdomoni, kwa Kiswahili changu, na sikuweza kulimeza wala kulitema.

Tukirudi, karibu na Bankstown foleni ilikuwa imesimama. Nikamwambia amwambie mwanawe asiende, awazuie, aseme ni mgonjwa, aseme lolote. Nikamwambia mtoto ni mzima, Bibi, umemwona mwenyewe, hana kasoro yoyote, hakuna lililotokea.

Alikuwa anatazama magari mbele yetu, mfuko mtupu umekunjwa vizuri mapajani mwake.

"Bado, Famasi," akasema.